Sura ya Tano: Meno na Tumbo ni Ugonjwa Mmoja

Sungura wa nyumbani anayeumwa mara kwa mara huhesabiwa kuwa na maradhi mawili. Mwezi huu tumbo limejaa na amegoma kula, anapewa dawa ya tumbo, anapata nafuu. Baada ya muda kidevu kinaonekana kimerowa mate, amekonda, majani yanamdondoka mdomoni, na safari hii inasemwa ni meno. Anakatwa meno ya mbele, anakula siku chache, kisha tumbo linasimama tena. Mwenye sungura anachoka, na mnyama mwenyewe anachoka zaidi. Ninachokitetea katika sura hii ni kwamba kwa sungura wengi hayo si maradhi mawili. Ni ugonjwa mmoja, chanzo chake kikuu ni kukosa nyasi za kutafuna usiku na mchana, na tiba yake ya kila siku inaota bure katika shehia zote za Pemba, kuanzia Konde hadi Kengeja. Dawa na vifaa vya daktari vina nafasi yake, nami nitaieleza, lakini ni nafasi ya pili.

Tuanze na kinywa, maana ndicho kinachowapoteza watu. Sungura ana meno 28. Sita ni ya mbele: manne juu, mawili kati ya hayo yakiwa madogo yaliyojificha nyuma ya makubwa, na mawili chini. Yaliyobaki 22 ni magego. Yote hayo hayana mzizi uliofunga, kwa hiyo hukua tangu mnyama anazaliwa hadi anakufa. Ya mbele huongezeka milimita 2 hadi 3 kwa wiki, hivyo katika mwaka mmoja sungura huotesha zaidi ya sentimita 10 za jino ambazo lazima zilike zote. Magego hukua polepole zaidi, lakini nayo hayasimami. Sungura tunayemfuga anatokana na sungura mwitu wa Hispania na Ureno, nchi yenye majira ya kiangazi kikali na nyasi ngumu zilizojaa chembe za silika, na kinywa chake kimeumbwa kwa chakula hicho. Anapotafuna nyasi, taya la chini huenda ubavuni na kurudi, hata mara 120 kwa dakika, na gego husagana na gego kwa upana wake wote. Mpe punje za mahindi au mkate, na mwendo wa taya unabadilika: anaponda juu na chini mara chache, anameza, amemaliza. Upande wa gego ambao haukusagwa unabaki umesimama, unachongoka, na baada ya miezi unakuwa ncha kali. Magego ya chini huchongoka kuelekea ulimi, ya juu kuelekea shavu. Kila anapotafuna, ncha inachoma.

Mwenye sungura haoni lolote kati ya hayo. Kinywa cha mnyama huyu hufunguka kidogo sana, na mashavu yake huingia ndani na kuyafunika magego. Akiinuliwa mdomo yanaonekana meno ya mbele, meupe, yamenyooka, na mtu anaridhika kwamba kinywa ni kizima wakati amekagua meno 6 tu. Zaidi ya hapo, jino lisilolika halirefuki kuelekea juu peke yake. Likikosa nafasi hurudi ndani na kuusukuma mfupa. Pitisha kidole taratibu chini ya taya la chini la sungura aliyekaa miaka miwili au mitatu akila pumba: mara nyingine utagusa vivimbe vidogo vilivyopangana, navyo ni mizizi iliyoshuka. Kwenye taya la juu mizizi ikirefuka hubana mrija wa machozi, na ndipo jicho moja linapotiririka wiki baada ya wiki huku mwenyewe akilipaka dawa ya macho. Jipu likiota hapo, usaha wake huwa mzito mno, haumwagiki hata likipasuliwa, na kulitibu ni kazi ya miezi.

Sasa tumbo. Sungura ana tumbo moja tu, tofauti na ng'ombe na mbuzi, na uchachushaji wa majani hufanyika mwishoni, katika mfuko mkubwa ulio mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Mfuko huo huchukua karibu asilimia 40 ya ujazo wa njia nzima ya chakula. Kinachoingia humo huchaguliwa kwa ukubwa wake. Nyuzinyuzi ndefu, zile ambazo hata bakteria hawaziwezi, hupita moja kwa moja na kutoka kama gololi kavu tunazozifahamu. Vipande vidogo na majimaji hurudishwa nyuma kwenye mfuko, vinachachuliwa, na baada ya saa kadhaa hutoka kama vishada vya kinyesi laini chenye utando unaong'aa, ambavyo sungura huinama akavila vikitoka tu. Mtu asimkemee: humo mna protini na vitamini za kundi B anazozihitaji. Kinachousukuma mtambo wote huu ni zile nyuzinyuzi ndefu zisizomeng'enywa. Ndizo zinazoufanya utumbo ujikaze na kusogea. Zikipungua, utumbo unapunguza mwendo, wanga na sukari vinakaa mahali visipopaswa kukaa, bakteria wabaya wanazaana, gesi inajaa. Na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, kilichoingia hakina njia nyingine.

Yaweke mambo haya mawili pamoja na utaona kwa nini kuyatenganisha ni kosa. Sungura mwenye ncha kwenye gego anaziacha nyasi kwanza, kwa sababu ndizo zinazohitaji kutafunwa zaidi, anabaki na ndizi, mkate na matembele laini. Nyuzinyuzi zinapungua, utumbo unazubaa, maumivu ya gesi yanamwondolea hamu hata ya hicho kidogo. Asipotafuna meno yanazidi kurefuka. Unaweza pia kuanzia upande wa pili: sungura aliyepatwa na mshituko au joto anaacha kula siku mbili, tumbo linasimama, na akiponywa nusunusu akarudishwa kwenye pumba kwa sababu ndicho anachokipenda, magego yanaanza safari ileile. Baada ya mizunguko michache hakuna anayeweza kusema kipi kilitangulia, wala haina maana kuuliza. Hata kinyesi laini kinaingia katika hesabu hii. Sungura mwenye maumivu ya kinywa, au aliyenenepa kwa nafaka, hakiinamii tena. Kinaganda nyuma, nzi wanataga, na katika nchi yetu ambako nzi hawana msimu, mabuu huanza kumla mnyama akiwa hai.

Ushahidi wa haya haukosekani. Mwaka 2015 Anna Meredith, Jennifer Prebble na Darren Shaw wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha matokeo ya kuwalisha sungura 32 kwa miezi 17 katika makundi manne: nyasi kavu peke yake, nyasi kavu na vidonge vya chakula, nyasi kavu na mchanganyiko wa nafaka, na mchanganyiko wa nafaka peke yake. Waliokula mchanganyiko wa nafaka ndio ambao gego lao la kwanza la chini lilirefuka na kupinda, na nafasi zikafunguka kati ya magego. Katika kazi yao nyingine juu ya sungura haohao walionyesha kuwa anayewekewa mchanganyiko huchagua punje anazozipenda, huacha zilizobaki, na hula nyasi kidogo hata zikiwa tele mbele yake. Hilo la mwisho ndilo ninaloomba lizingatiwe zaidi, kwa kuwa watu wengi hujitetea kwamba nyasi wanaweka, ila sungura hazitaki. Hazitaki kwa sababu bakuli la pumba liko pembeni.

Kisha kuna hesabu za mahospitali. Uchunguzi wa kumbukumbu za sungura 6,349 waliotibiwa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta magego yaliyorefuka kwa asilimia 7.6 ya wanyama, meno ya mbele yaliyorefuka kwa asilimia 4.3, na tumbo kusimama kwa asilimia 4.2. Ona kwamba magego, yasiyoonekana, yanayapita ya mbele karibu mara mbili. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine wa huko ulikadiria kuwa takriban asilimia 15 ya sungura wanaotibiwa huwa na maradhi ya meno ndani ya mwaka mmoja. Hizo ni takwimu za nchi ya baridi yenye maduka ya chakula cha wanyama kila mtaa, na sizileti hapa kama vipimo vya Pemba. Nazileta kwa sababu kinywa cha sungura wa London na cha sungura wa Mkoani ni kinywa kimoja, na pumba ya mchele haina tofauti kubwa na mchanganyiko wa nafaka kwa gego linaloisubiri.

Pingamizi la kwanza linalokuja ni la urithi. Inasemwa kwamba meno mabaya ni ya kuzaliwa nayo, hasa kwa sungura wadogo wenye uso mfupi au masikio yanayolala, hivyo mfugaji hana la kufanya. Sehemu ya hoja hii ni kweli: wapo wanaozaliwa na mataya yasiyolingana, na meno yao ya mbele hupishana tangu miezi ya mwanzo. Hao wasizalishwe, na tiba yao iliyo bora ni kung'olewa meno ya mbele kabisa, kwani sungura aliyeng'olewa hujifunza kuvuta majani kwa midomo. Lakini uchunguzi ule wa 2024 haukukuta kwamba masikio yanayolala au uso mfupi vinaongeza hatari ya maradhi ya meno. Anayeona sungura wake mwenye miaka minne ameanza kutokwa mate leo, na aliyaona meno yake yakiwa sawa tangu utotoni, atazame chakula kabla ya kuilaumu damu ya wazazi.

Pingamizi la pili ni la kipande cha mti. Wengi huweka gogo au ubao bandani wakiamini sungura atanoa meno. Gogo si baya, linampa shughuli, lakini linagusa meno ya mbele tu. Hakuna sungura anayeuguguna mti kwa magego. Vilevile wapo wanaosema pumba ina nyuzinyuzi, na vitabu vya lishe vitawaunga mkono, kwa kuwa maabara hupima nyuzinyuzi bila kuuliza urefu wake. Pumba imesagwa tayari. Gego halipati kazi, na utumbo huihesabu kuwa ni vipande vidogo na kuirudisha nyuma kwenye mfuko wa uchachushaji badala ya kuipitisha.

Nije sasa kwenye nyasi zenyewe, na hapa Pemba imebarikiwa kuliko inavyojijua. Waarabu waliiita kisiwa cha kijani, na aliyepita barabara ya Chake Chake kwenda Wete baada ya mvua anaelewa kwa nini. Ukoka unatambaa chini ya minazi na kando ya barabara. Majani ya tembo yamepandwa na wenye ng'ombe mabondeni. Magugu ya jamii ya nyasi yanapaliliwa mashambani na kutupwa. Nyasi za nchi za joto, ambazo mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huzilalamikia kwa ugumu na uhaba wa protini, kwa gego la sungura ni neema tupu. Majani ya tembo yakatwe yakiwa bado hayajakomaa kuwa miti, kwani shina nene humshinda mwenye kinywa kibovu. Upande wa mashariki, kwenye ardhi ya mawe, nyasi ni fupi na huchukua muda mrefu kukusanya, lakini sungura mmoja hahitaji shamba: anahitaji kwa siku fungu lenye ukubwa wa mwili wake mwenyewe, na zaidi usiku, kwa sababu alfajiri na magharibi ndizo nyakati zake za kula. Majani mengine ni kitoweo tu. Matembele na mchicha hupendwa na yana maji, ila ni laini, hayalisagi jino. Kisamvu kibichi kina viini vinavyotoa sumu ya sayanidi, kisilishwe. Lusina, ambayo wafugaji huisifu kwa protini, ina sumu yake inayopukutisha manyoya ikiliwa sana. Mkate, wali, biskuti na ndizi mbivu viondoke kabisa kwa sungura aliyekwisha kuugua. Vidonge vya chakula vikipatikana, visizidi gramu 25 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na visichukue nafasi ya nyasi.

Itasemwa kwamba masika nyasi hulowa na kuozeana, na kwamba hei, kama wanavyoiita wenye ng'ombe wa maziwa, haitengenezeki kwenye kisiwa chenye unyevu namna hii. Nalikataa hili kwa ushahidi wa karafuu. Kila nyumba inayochuma inajua kuanika juu ya jamvi kwa tabaka jembamba, kugeuza, kutazama mawingu ya upande wa bara, kuanua kabla tone la pili halijaanguka, na kuanika tena kesho. Mkono wa mama aliyekulia kwenye uanikaji hutambua karafuu iliyokauka kwa kuigusa, na anajua kuwa iliyorundikwa mbichi inachachuka na kuwa mpeta, ikashuka daraja. Nyasi zinataka maarifa hayohayo bila kuongeza hata moja. Zikatwe umande ukishakauka, wakati zinaanza kutoa maua na kabla mbegu hazijapukutika, zitandazwe, zigeuzwe, zianuliwe. Zilizokauka vizuri hubaki na ukijani na harufu nzuri. Zenye ukungu au vumbi jeupe zitupwe, maana ukungu humdhuru sungura kwenye mapafu na tumboni. Magunia machache yaliyokaushwa wakati wa jua na kuning'inizwa darini, mbali na panya, yanamvusha sungura mmoja kwenye wiki mbaya za masika. Anayeanua karafuu kwa ajili ya mizani ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, anaweza kuanua gunia moja la nyasi.

Kuhusu nyasi mbichi zenye maji, ule usemi kwamba humwua sungura umechanganya mambo. Sungura mwitu hula majani yenye umande kila alfajiri. Kinachoua ni kubadilisha chakula ghafla, kutoka pumba kwenda majani mabichi kwa siku moja. Ni majani yaliyorundikwa yakapata joto na kuchachuka. Ni yaliyokatwa karibu na shamba lililopigwa dawa. Mabadiliko yafanywe kwa wiki mbili hadi tatu, nyasi zikiongezwa kila siku na pumba ikipunguzwa, huku mtu akitazama kinyesi. Lakini kuna jambo moja ambalo wenye hofu hii wana haki nalo, nalo ni koksidia, vimelea vinavyosambaa kwa kinyesi na kustawi kwenye unyevu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walionyesha mwaka 2014 jinsi vimelea hivi vilivyoenea kwa sungura wa kufugwa nchini Kenya, na hali ya hewa ya Pemba haiwezi kuwa kikwazo kwao. Sungura mchanga anayeharisha na kuvimba tumbo asianze kutafutiwa meno: kinyesi chake kipimwe kwa hadubini kwanza. Ujuzi wa kusoma kinyesi kwa hadubini si mgeni kisiwani. Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imejijengea jina kwa kuchunguza minyoo na kichocho cha watu. Kwa sungura ni kazi ya idara ya mifugo, na mfugaji aiombe. Kwake nyumbani, banda liwe na sakafu ya fito inayopitisha kinyesi, na nyasi zitundikwe ukutani badala ya kutupwa chini.

Sungura ambaye magego yake yamekwisha kupinda hatarudi kuwa mzima kama wa kwanza. Anaweza kuishi miaka mizuri, lakini chini ya uangalizi usiokatika, na uangalizi huo hautaki fedha. Mpime uzito kila wiki kwa mzani uleule; sungura wa kilo mbili aliyepoteza gramu 200 ameshuka asilimia 10, na hilo ni tatizo hata kama anaonekana anakula. Mpapase kidevu na kifua kama pamerowa. Mtazame anavyokula jani moja refu la nyasi: mzima hulivuta mdomoni bila kusita hadi liishe, mgonjwa hulianza, hulitema, hulirudia, akaliacha na utelezi wa mate. Kila asubuhi tazama kinyesi. Gololi kubwa, za rangi ya majani makavu, ambazo ukizivunja zinaonyesha vipande vya nyasi, ni habari njema. Zikianza kuwa ndogo, nyeusi, zimepindika au zimeungana kwa manyoya, utumbo umeanza kuzubaa tangu jana, na una nafasi ya kuwahi kabla hajagoma kabisa. Kinyesi laini kinachobaki sakafuni bila kuliwa kinakwambia ama amekula wanga mwingi ama anashindwa kuinama.

Akigoma, saa zinahesabika. Sungura asiyekula huanza kuyeyusha mafuta yake haraka kuliko ini linavyoweza kuyamudu, na ini likijaa mafuta huwa amechelewa. Anahitaji maji, joto la mwili wake lisishuke, dawa ya maumivu kutoka kwa daktari, meloksikamu ikiwa inayotumika zaidi, na chakula cha nyuzinyuzi kupitia bomba la sindano lisilo na sindano, kikiingizwa pembeni mwa mdomo kidogokidogo. Majani makavu yaliyotwangwa kwenye kinu, yakachekechwa na kuchanganywa na maji ya uvuguvugu, yanafaa. Lakini kabla ya kumlisha kwa nguvu lazima ijulikane kama utumbo umezubaa au umeziba, kwani kumjaza aliyeziba ni kumpasua. Hapa kuna msaada ambao watu wachache wanaufahamu. Daktari wa mifugo Frances Harcourt-Brown na mwenzake walichapisha mwaka 2012 vipimo vya sukari ya damu vya mamia ya sungura: walioziba utumbo walikuwa na wastani wa milimoli 24.7 kwa lita, waliozubaa tu walikuwa na 8.5. Kipimasukari cha kidole, kile ambacho familia nyingi zenye mgonjwa wa kisukari zinacho, hakikutengenezwa kwa ajili ya sungura na namba zake si kamilifu, ila katika mkono wa bwana mifugo pengo kubwa hivyo linaonekana. Tumbo gumu lililovimba ghafla pamoja na sukari iliyopanda juu ya 20 ni dharura, na mnyama huyo asilishwe chochote.

Neno kali kuhusu dawa. Amoksilini na ampisilini, dawa zinazopatikana kirahisi na zinazotolewa kwa kila kikohozi, zikipitishwa mdomoni mwa sungura huua bakteria wazuri wa ule mfuko wa uchachushaji, wabaya wenye sumu wanachukua nafasi, na mnyama anakufa kwa kuharisha baada ya siku chache. Linkomisini na klindamisini ni hivyohivyo. Kumpa sungura mwenye jipu la jino kapsuli iliyobaki ya mtoto, kwa nia njema kabisa, ni kumwua. Zipo antibiotiki anazozivumilia, na daktari wa mifugo anazijua.

Kwenye meno nako mkono usitangulie. Meno ya mbele yaliyorefuka hayakatwi kwa koleo wala kikatakucha. Jino la sungura hupasuka kwa urefu, ufa unashuka hadi kwenye mzizi, na jipu linafuata. Husawazishwa kwa kifaa kinachozunguka, na magego hayafikiwi bila dawa ya usingizi. Kwa mgonjwa sugu kazi hiyo hurudiwa, kwa baadhi kila baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo umbali na gharama vinapouma. Nakubali kwamba bwana mifugo wa wilaya amezoea zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku. Sikubali kwamba haiwezekani kubadilika. Kichaa cha mbwa kiliondolewa Pemba kufikia mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kikarudi mwaka 2016, na kikadhibitiwa tena kufikia 2018. Kisiwa kilichoifanya kazi hiyo mara mbili kina watu wa kujifunza kusawazisha gego, mradi wafugaji wawaendee na kudai huduma badala ya kuishia kwenye koleo.

Joto nalo lihesabiwe. Sungura hatoki jasho. Hupoza damu kwa masikio, na joto likipita nyuzijoto 30 hupunguza kula. Miezi ya kaskazi, bati likiwa limewaka mchana kutwa, mgonjwa aliyekuwa akijiweza huanza kugoma. Banda liezekwe makuti, liwe chini ya mwembe au mfenesi, maji yawekwe kwenye bakuli zito ambalo hulinywea zaidi kuliko chupa ya chuchu, na nyasi nyingi ziwekwe usiku kunapopoa.

Limebaki pingamizi ambalo watu husema kwa sauti ya chini: huyu ni sungura, nyama halali, kwa nini asichinjwe tukapumzika? Sioni aibu katika swali hili. Mnyama ambaye jipu limekula taya lake, ambaye maumivu yake hayazuiliki na nyasi hazitafuniki tena kinywani mwake, kumchinja kwa kisu kikali na kwa utulivu ni rehema, na kumwacha afe kwa njaa eti kwa sababu mtoto anampenda ni ukatili. Aliyekwishapewa dawa asiliwe mpaka daktari aseme muda wa dawa umepita. Lakini wengi wanaofikishwa kwenye uamuzi huo hawakupaswa kufika. Mnyama aliyefungiwa bandani hana pa kwenda kujitafutia nyasi, na anayemfungia amebeba dhima ya tumbo lake mbele ya Mola. Dhima hiyo kwa Pemba ni mundu na nusu saa ya asubuhi. Anza leo kupunguza pumba. Na sungura aliyepitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi asingojewe hadi kesho: apelekwe kwa daktari usiku huohuo.